Gari lako limegongwa likiwa limeegeshwa, na kampuni ya bima imekataa kulipa: namna ya kuijibu barua ya kukataliwa

Ndugu zangu,

Barua ya kukataliwa niliipokea siku ya 9 baada ya gari langu kugongwa. Lilikuwa limeegeshwa ndani ya mistari, limezimwa na kufungwa milango, na mimi nilikuwa ndani ya jengo. Gari lingine lilikuwa likitoka kwa kurudi nyuma kutoka nafasi ya mkabala, likaja kuligonga langu ubavuni upande wa kushoto, kati ya mlango wa nyuma na tairi. Dereva alinisubiri, akaniomba radhi, akanipa namba yake ya simu pamoja na jina la kampuni yake ya bima. Kwa kuwa alizungumza kiungwana, sikuona haja ya kumwomba aandike chochote. Nilipiga picha mbili, tukapeana mikono, tukaachana. Alipofika kwa kampuni yake alieleza kwamba magari yote mawili yalikuwa katika mwendo. Kampuni ikaniandikia kwamba maelezo yetu yanapingana, kwamba hakuna shahidi huru, na kwamba kwa sababu hiyo haiwezi kukubali kuwa mteja wake ndiye mwenye kosa.

Ilinichukua miezi 5 na barua 6 hadi nikalipwa, na katika muda huo nilikataliwa mara mbili. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ameshika barua kama ile leo na anahisi kwamba mlango umefungwa. Haujafungwa. Barua ya kampuni ya bima ni msimamo wa upande mmoja katika mgogoro. Si hukumu, na aliyeiandika mara nyingi hajaliona gari lako kwa macho yake.

Kabla ya kujibu chochote, ni lazima ujue unamdai nani, kwa maana hapa ndipo wengi tunapopoteza wiki nzima tukigombana na mtu asiyehusika. Ukiwa na bima kubwa, unaweza kudai kwa kampuni yako mwenyewe, na dai hilo linasimama juu ya mkataba wenu: utajilipia kile kiasi cha mwanzo kilichoandikwa kwenye hati ya bima, kampuni italipa kinachobaki, kisha itachukua nafasi yako na kumfuata aliyekugonga ili irudishiwe fedha zake. Ukichagua njia hiyo, waombe kwa maandishi wamdai pia kile kiasi ulichojilipia, na uulize mapema kama punguzo lako la miaka isiyo na madai litaguswa wakati kosa si lako. Ukiwa na bima ndogo tu, hati yako inalinda watu wengine dhidi yako, hailindi gari lako, hivyo unabaki na njia moja, nayo ni kumdai aliyekugonga. Nasema kumdai yeye, si kampuni yake. Wewe na kampuni yake hamna mkataba wowote. Deni ni la dereva aliyegonga, au wakati mwingine la mwenye gari. Kampuni imesimama nyuma yake kwa sababu aliinunua ahadi ya kusimama hapo. Kampuni ikikataa kulipa, deni halifutiki, linarudi kwa mwenyewe, na siku unapomwandikia yeye binafsi barua ya madai yenye tarehe ya mwisho, mara nyingi yeye ndiye anayeanza kuisukuma kampuni yake.

Baada ya hapo soma barua uliyopewa, na uisome kwa kutafuta mambo matatu tu: sababu iliyotajwa, kifungu au kanuni inayotegemewa, na ushahidi uliotumika. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na sababu, haikuwa na ushahidi wowote isipokuwa maneno ya mteja wao. Sikuwajibu kwa kulalamika. Niliwaandikia nikiomba nakala ya maelezo ya mteja wao au angalau muhtasari wake, mchoro wa tukio kama upo, saa ya tukio kwa mujibu wake, na jina na cheo cha mtu atakayepitia upya uamuzi. Walikataa kunipa maelezo yenyewe, lakini katika kunijibu walitaja saa: mteja wao alisema ilikuwa saa 4:15 asubuhi, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha.

Saa hiyo moja ilibadilisha mambo. Kwenye mapokezi ya jengo lile kuna daftari la wageni, na jina langu limeandikwa kuingia saa 3:40 na kutoka saa 4:25, kwa mwandiko wa mlinzi na sahihi yangu. Niliomba nakala yenye mhuri siku iliyofuata. Ninawasihi mtafute karatasi za namna hii kabla ya kutafuta hoja: risiti ya maegesho yenye saa, miadi ya hospitali, orodha ya mahudhurio ya kikao, malipo ya dukani. Karatasi iliyoandikwa na mtu asiye na maslahi, kabla ya mgogoro kuanza, ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo yako mwenyewe.

Kamera za ulinzi nilichelewa. Mifumo mingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache, na nilipokwenda kuuliza, zangu zilikuwa zimekwisha kufutwa. Mwenye jengo anaweza kukataa kukupa nakala kwa sababu ndani yake kuna sura za watu wengine, na ana haki ya kuwa na tahadhari hiyo. Basi usimwombe akupe. Mwombe kwa maandishi, siku ileile, azihifadhi hadi polisi au kampuni ya bima itakapozihitaji. Ombi hilo ni dogo na wengi hulikubali.

Sasa nieleze jambo lililonisaidia kuliko yote. Rimu ya gurudumu la nyuma ilikuwa na mkwaruzo mmoja. Niliutazama kwa siku nyingi bila kuuelewa, hadi fundi wa bodi aliyekuja kunikadiria gharama alipochuchumaa, akapitisha kidole juu yake, akaniambia, "Gurudumu hili lilikuwa limetulia." Mkwaruzo ulikuwa mstari mnyoofu, urefu wa kidole, ulioanzia ukingoni mwa rimu na kukata kuelekea katikati. Gurudumu linalozunguka likiguswa na bampa huachiwa alama zinazofuata mzunguko wake: hupinda kama upinde, hujirudia, na ubavu wa tairi hubaki na michubuko ya duara. Gurudumu lililosimama halina namna ya kuchorwa upinde na kitu kinachopita moja kwa moja, huachiwa mstari. Mlango nao ulisema hivyohivyo. Kama gari langu lingekuwa linakwenda mbele, mikwaruzo ingekuwa mirefu, ya kulala, imevutwa kuelekea nyuma. Uliokuwepo ni ubonyeo mmoja wenye kina, na rangi nyeupe ya gari lile imekandamizwa katikati yake bila mkia upande wowote.

Kati ya zile picha mbili nilizopiga, moja ilikuwa imeishika kona ya bampa lake, ikiwa na rangi ya gari langu. Nilipima kwa utepe kutoka ardhini hadi katikati ya ubonyeo, nikapata sentimita 54, nikapiga picha utepe ukiwa umesimama pale. Kimo hakihitaji kulingana hadi sentimita ya mwisho, kwa sababu mzigo na breki hulishusha au kulipandisha gari kidogo, lakini kinapaswa kukaribiana, na kwangu kilikaribiana. Fundi aliandika ukurasa mmoja, akaeleza mstari wa rimu, ubonyeo wa mlango na rangi iliyohamia, akatia sahihi na mhuri wa gereji. Niliambatanisha na nakala ya daftari la wageni, nikaandika barua ya ukurasa mmoja na nusu.

Walikataa tena. Safari hii hawakuzungumzia mwendo kabisa. Walisema mtathmini wao, kwa kutazama picha, ameona sehemu ya uharibifu ni ya zamani. Kukataliwa kwa sababu mpya kunavunja moyo, ila kuna maana yake: sababu ya kwanza imekwisha. Niliwaandikia hivyo waziwazi, kwamba ninachukulia suala la mwendo limefungwa kwa kuwa hawakujibu ushahidi niliowapa. Kuhusu uzamani wa uharibifu, nilikuwa na picha niliyolipiga gari wiki mbili kabla, ambamo ubavu uleule ni mzima, na tarehe yake ilikuwa ndani ya faili la picha. Mkwaruzo wa zamani uliofika kwenye chuma huwa na kutu na vumbi lililoshikana ndani yake, ilhali mpya hung'aa. Picha zangu za siku ya tukio zilionyesha chuma kinachong'aa. Niliomba pia mtathmini aje alione gari badala ya kuamua kwa picha. Alikuja, akakaa nalo dakika 20, na wiki mbili baadaye wakakubali.

Kama hamjatengeneza gari, msitengeneze kabla halijakaguliwa. Kama hamuwezi kusubiri kwa sababu gari ndilo linalowapa riziki, waandikieni kampuni mkiwapa siku maalumu ya kuja kulikagua, mwaeleze kwamba baada ya siku hiyo litapelekwa gereji, mpige picha kwa mbali, kwa karibu na kwa karibu sana, na mwambieni fundi asitupe hata kipande kimoja alichokitoa.

Nitajibu maswali kadiri ninavyoweza.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta uzi, asante kwa maelezo haya. Yangu ni tofauti kidogo. Aliyenigonga alikimbia, nikadai kwa kampuni yangu mwenyewe kwa bima kubwa, nao wamekataa kwa hoja kwamba niliweka rimu zisizo za kiwandani na sikuwaambia nilipokata bima. Rimu na kugongwa mlango vinahusiana vipi?

Mleta uzi:

Pole sana, ndugu yangu. Hoja yao ina mizizi mirefu, na ni vizuri uijue ili uwajibu kwa lugha wanayoielewa. Mikataba ya bima katika nchi nyingi imejengwa juu ya wajibu wa uaminifu wa hali ya juu kabisa, na kesi inayotajwa zaidi ni ya Uingereza ya mwaka 1766, kati ya Carter na Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Waingereza huko Sumatra, akaikatia bima dhidi ya kutekwa na adui. Wafaransa wakaiteka, na Boehm, mtoa bima wake, akakataa kulipa kwa madai kwamba alifichwa udhaifu wa ngome ile. Watu huikumbuka kesi hiyo kwa wajibu wa mteja kusema kila kitu, wakasahau kwamba Carter ndiye aliyeshinda. Jaji Mansfield alieleza kwamba uaminifu unazifunga pande zote mbili, na kwamba mtoa bima hawezi kulalamikia jambo alilolijua au alilopaswa kulijua.

Kwa hiyo waulize maswali matatu. Je, fomu ya maombi iliuliza kuhusu mabadiliko ya gari, na kwa maneno gani? Je, gari lilikaguliwa au kupigwa picha wakati wa kukata bima, rimu hizo zikiwa juu yake? Na je, wangelijua jambo hilo wangekataa kukukatia bima, au wangeongeza kiasi gani tu cha ada? Sheria zinatofautiana, hivyo tazama ya kwenu. Uingereza kwenyewe, kwa sheria ya mwaka 2012, mteja wa kawaida haombwi tena kujitolea kueleza kila jambo, bali kuyajibu kwa uangalifu maswali anayoulizwa. Na pale ambapo maneno ya hati yana utata, kanuni ya kawaida ni kwamba yanatafsiriwa dhidi ya aliyeyaandika, ambaye si wewe.

Mchangiaji wa pili:

Mimi nilikuwa nimeegesha mahali pasiporuhusiwa, nakiri. Kampuni ya aliyenigonga inasema kosa la kwanza ni langu, kwa hiyo haina cha kulipa. Je, nimepoteza haki yangu?

Mleta uzi:

Hapana, dada yangu, usikubali hitimisho hilo kirahisi. Kuegesha vibaya ni kosa kati yako na mamlaka ya barabara, na faini yake utailipa. Swali la fidia ni jingine: je, kuegesha kwako pale kulichangia ajali? Gari lililoachwa gizani kwenye kona kali, bila taa wala kiakisi, linaweza kabisa kuhesabiwa kuwa limechangia, na malipo yakapunguzwa kwa sehemu fulani. Gari lililosimama mchana kweupe kando ya mstari uliokatazwa, ambalo kila dereva aliliona na kulipita, ni habari nyingine. Dereva ana wajibu wa kutazama anakokwenda hata kama kilichoko mbele yake hakikupaswa kuwepo. Waandikie ukiwataka waeleze ni kwa namna gani hasa mahali ulipoegesha palimzuia mteja wao kukuona, na kwa asilimia ngapi. Wakishindwa kutaja asilimia, hoja yao haijakamilika. Wakiitaja, angalau sasa mna jambo la kujadiliana. Ongeza picha za mahali hapo saa ileile ya siku, zilizopigwa kutoka kwenye usawa wa macho ya dereva aliyeketi.

Mchangiaji wa tatu:

Mkuu, kampuni yao inasema bima ya mteja wao ilikuwa imekwisha siku nne kabla ya ajali. Hapo nafanya nini?

Mleta uzi:

Kwanza thibitisha, usiamini kwa simu. Waombe waandike tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kama kwenu kuna mfumo wa umma wa kuhakiki bima kwa namba ya gari, uutumie mwenyewe. Bima ikiwa kweli imekwisha, kampuni hiyo imeondoka kwenye mgogoro, na anayebaki ni dereva mwenyewe. Nchi kadhaa zina mfuko unaowafidia waliogongwa na magari yasiyo na bima au yasiyojulikana, lakini soma masharti yake kwa makini, kwa sababu katika baadhi ya nchi sheria ya bima ya lazima inahusu vifo na majeraha, na uharibifu wa mali ama haumo kabisa ama umewekewa kikomo. Ukiwa na bima kubwa, huu ndio wakati wa kuitumia.

Ukilazimika kumfuata dereva, mpelekee barua ya madai yenye makadirio ya gereji mbili, picha, na siku 14 za kujibu, kisha upeleke shauri katika mahakama inayosikiliza madai madogo kama ipo. Angalia ukomo wa muda wa kufungua shauri mapema, kwa sababu kuandikiana barua na kampuni ya bima, hata kwa upole wa namna gani, kwa kawaida hakusimamishi saa hiyo.

Mchangiaji wa pili:

Nashukuru sana. Swali dogo la mwisho. Wamenipigia leo wakasema wako tayari kulipa nusu, ila nisaini fomu kesho ili fedha zitoke haraka. Ulikutana na fomu hiyo?

Mleta uzi:

Nilikutana nayo, dada yangu, na nakuomba usiisaini kesho. Fomu hiyo kwa kawaida husema kwamba unapokea fedha hizo kuwa malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hutadai tena chochote kutokana na ajali hiyo, si kwa kampuni wala kwa dereva. Ukiisaini, fundi akifungua mlango na kukuta nguzo ya ndani imepinda, gharama hiyo ni yako. Kwangu walikuwa wamekata pia sehemu ya bei ya mlango mpya kwa maelezo kwamba gari langu ni la zamani. Makato ya namna hiyo yana mantiki kwa kitu kinacholika, kama tairi au betri, kwa sababu kipya kinakupa maisha marefu kuliko ulichopoteza. Mlango hauliki. Niliwauliza gari langu limeongezeka thamani gani kwa kuwa na mlango mmoja mpya wa kushoto, wakaondoa makato.

Waombe wakutumie fomu uisome nyumbani, na waeleze kwa maandishi hiyo nusu imepatikanaje. Unaweza kuwauliza kama watakulipa sehemu isiyobishaniwa sasa, kwa barua inayosema wazi kwamba unaipokea bila kuathiri haki yako ya kudai kinachobaki. Wakikataa, andika malalamiko rasmi kwa kitengo chao cha malalamiko, subiri jibu lao la mwisho, kisha uyapeleke kwa mdhibiti wa bima au kwa msuluhishi wa migogoro ya bima wa nchi yako. Wengi wao hawapokei lalamiko ambalo kampuni yenyewe haijapewa nafasi ya kulijibu, kwa hiyo usiruke hatua hiyo. Na wakikupigia tena simu, wasikilize, kisha jioni hiyohiyo uwatumie barua pepe ukieleza walichosema, nani alisema, na saa ngapi.